Jani la Masika

Watu walicheka kwanza. Mwali aitwaye Sikujua alitoka katika nyumba ya unyago amepakwa mafuta mpaka anang'aa, kanga mpya kifuani, shanga shingoni, akaja uwanjani akitembea kwa ncha za vidole vya miguu huku magoti yamekaza na mapaja yanasuguana. Ngoma zikampokea. Mama mmoja akapiga vigelegele, akasema mwaka huu mabinti wamefundishwa madaha. Nyuma yake akatoka mwenzake, naye kwa ncha za vidole. Alipotoka wa tatu kwa mwendo uleule, mpiga ngoma akainua mikono na kuisahau hewani. Mimi nilikuwa nimeshika simu nikirekodi, na kwenye kioo cha simu nikamwona Sikujua akimtazama bibi yake kwa macho ya mtu anayeomba msaada bila kutaka kuaibika.

Kisha akaanguka.

"Inuka, mwali," bibi yake akamwambia kwa sauti ya chini. "Inuka, watu wanakutazama."

"Miguu haitaki, bibi."

Bibi huyo ni Biti Nampunju, kungwi wa kijiji chetu cha Nangwele, aliyewafunda wanawake wote unaowaona wakipita njiani huku, pamoja na mimi. Ni mdogo wake marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea. Nilikua nikimwita mama mdogo, na hata sasa nikiwa bibi shamba wa kata, mwenye ofisi na pikipiki ya serikali, akinikunjia uso naacha ninachofanya.

Tabibu wa zahanati aliwapima wasichana mmoja mmoja, akagonga magoti, akakwaruza nyayo. Hakuzunguka. Alisema ni sumu ya muhogo, iliyoingia kidogo kidogo mwezi mzima, ikaunguza mishipa ya fahamu inayoendesha miguu. Nikamuuliza itachukua muda gani kupona. Akafunga kitabu chake, akaniuliza kama kijijini kuna fundi wa kuchonga magongo.

*

Asubuhi nilikwenda shambani kwa mama mdogo nikiwa na hasira na hamu ya kumpata wa kulaumu, nikakuta mihogo tu. Mihogo yenye afya, imestawi, majani mapana yametanda juu ya njia.

Huku kwetu msichana hatoki unyagoni mpaka ajue jani. Jani la muhogo lina vidole. Vidole vikiwa vipana, huo ni mtamu: menya, chemsha, kula. Vidole vikiwa vyembamba, huo ni mchungu: menya, roweka, anika, twanga, ndipo upike. Huimbishwa hivyo mpaka waote ndotoni: pana chemsha, nyembamba roweka. Mwezi mzima wa unyago wanajichumia wenyewe na kujipikia wenyewe, na anayekosea jani huchekwa na wenzake. Zamani aliyekosea alikuwa na ulimi wa kumwokoa, kwa sababu muhogo mchungu ulikuwa mchungu kweli, unautema hata ukiwa na njaa. Kisha wataalamu wakaleta mbegu waliyoiita Mlinzi. Sumu waliiacha yote ndani yake, maana ndiyo inayowafukuza nguruwe pori, ila uchungu waliuondoa ili unga upendwe mjini. Majani wakayafanya membamba kupindukia na kujisifu kwamba hata mtoto hawezi kukosea.

Nilichimbua shina moja la vidole vipana. Nikakwangua mzizi, nikatia kichupani pamoja na karatasi ya kupimia sumu, nikaketi juu ya jembe kusubiri. Karatasi iliingia ya njano, ikatoka na rangi ya matofali.

Ulikuwa Mlinzi. Umevaa majani ya muhogo mtamu.

"Hilo jani ni la masika," mama mdogo akasema nyuma yangu. Sikumsikia akija.

"Mama mdogo, tupo Julai."

"Najua tupo Julai. Jani halijui."

Akaniambia kitu ambacho hakikuwamo katika wimbo, kwa kuwa wimbo haukukihitaji. Mvua zikishika, kila muhogo hupanua majani, mchungu na mtamu, na mtu mwenye akili zake halisomi jani wakati wa masika. Ndiyo sababu unyago huchezwa kipupwe. Sisi wasomi tulikuwa tukidhani ni kwa ajili ya baridi na chakula kilichotoka kuvunwa. "Kipupwe ndipo jani linasema kweli," alisema. "Mimi nimewaingiza ndani kipupwe, kama nilivyoingizwa mimi. Kipupwe chenyewe kiko wapi?"

Nikatazama magharibi. Asubuhi kioo hakionekani, lakini sote tunajua kinakokaa.

Tunakiita nyongeza. Ni kioo kikubwa kilichotandazwa angani na kampuni moja ya ng'ambo. Jua likizama huku chini, kule juu bado kinaliona, kinatutupia mwanga wake wa rangi ya maziwa mpaka watoto wanalala. Mwanga huo unaangukia mabamba ya umeme yaliyojaa bondeni, umeme wa mchana huuzwa mjini, ule wa jioni ndio unaoendesha pampu, na pampu inapandisha maji ya Ruvuma mpaka huku juu uwandani, ambako tangu babu zetu hakuna kisima kilichodumu. Nyongeza ilipowaka mara ya kwanza, ilikuwa Ramadhani, watu wakababaika. Sheikh wetu akakata maneno: nyongeza si mchana, jua likizama futuruni. Watu wakaelewa. Mihogo haikuhudhuria darasa.

Maana mmea hauhesabu mwanga. Unahesabu giza. Ndani ya jani mna rangi ambayo mwanga huigeuza, na giza huirudisha taratibu ilivyokuwa. Usiku ukiwa mrefu vya kutosha, rangi yote inarudi, na mmea unajua kwamba kipupwe kimefika: unafinya majani mapya na kupeleka chakula mizizini. Ukikatizwa giza lake, unaamini ni masika, na unaendelea kupanua. Tofauti ya siku ya masika na siku ya kipupwe huku kwetu ni ndogo, haitoshi hata kuivisha chungu cha maharage, lakini muhogo unaihisi. Ukiuongezea jioni nzima ya mwanga, unaulevya. Mbaazi nazo zilikuwa zimerefuka kupita mapaa bila kutoa ua, na mimi niliandika kwamba ni mvua. Tangu kioo kiwashwe, baada ya unyago wa mwaka jana, mashamba ya Nangwele yalikuwa katika masika isiyo na mwisho, na sisi tulikuwa tumefurahi kwamba yamenawiri.

*

Nilitaka ushahidi wa mti wenyewe. Picha hazina kazi siku hizi, kila mwenye simu anaweza kutengeneza ya muhogo unaocheza dansi. Nikanunua turubai jeusi, nikachagua shina la Mlinzi nyuma ya nyumba ya mama mdogo, na kila jioni adhana ya magharibi ikilia tunalifunika, alfajiri tunalifunua.

Nimesema tunalifunika. Kusema kweli kazi ile aliichukua yeye. Alikuwa akimsaidia kwanza Sikujua kuingia ndani, anamnyoosha miguu na kuikanda kwa mafuta ya nazi, kisha anatoka na turubai lake. "Namlaza mtoto wa pili," alikuwa akisema. Wiki zikapita. Machipukizi mapya yakafunguka juu ya shina lile, na siku moja akatuma mtu ofisini kuniita.

Nilimkuta ameshika tawi, hana hata kilemba. Chini, majani mapana. Juu yake, kwenye shina lilelile, vidole vyembamba kama inavyotakiwa. Mihogo yote iliyolizunguka ilikuwa bado mipana toka chini hadi kileleni.

"Kwa hiyo sikukosea," alisema.

"Hukukosea, mama mdogo. Ulisoma kilichoandikwa. Jani ndilo lililodanganywa."

Alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama yangu alikuwa ndiye anayegawa uji. Alilia ameshika lile tawi, na mimi nikafurahi, nasema wazi nilifurahi, kwa sababu niliona nimemrudishia heshima yake, na nilidhani kazi iliyobaki ni kuisema tu mbele ya watu.

*

Injinia Mbawala wa kampuni ya nyongeza alikuja kwangu mchana, peke yake, akavua viatu mlangoni. Ni mtu wa Songea, mpole, anayependa kuuliza hali za wazazi. Nilimpa maji, akayanywa yote, akashukuru kama aliyepewa kitu kikubwa, kisha akacheka kidogo kwa kujua yametoka wapi.

"Nimesikia unafunika miti, bibi shamba."

"Nimefunika mmoja. Umetosha."

"Sitabishana na wewe. Najua mimea kidogo." Akaweka bilauri chini. "Lakini na wewe uujue mkataba. Ikithibitika kwamba mwanga umebadilisha chakula cha watu, kampuni inawajibika. Wale wasichana tutawatibu na kuwatunza maisha yao yote. Hilo ni zuri. Na siku hiyohiyo kioo kinageuzwa mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi wa namna hii sijaona ukiisha. Wilaya nyingine zimekaa mlangoni zinakisubiri."

"Na isipothibitika?"

"Ikiwa watu hawakujua kusoma jani, hayo ni makosa ya upishi. Tutawapa pole. Tutaleta magongo mazuri, ya chuma."

Magongo. Aliyataja kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningependa awe mtu mbaya nimtukane.

"Unataka niseme uongo, Injinia."

"Mimi sitaki kitu. Mkutano wa kijiji ndio utakaoamua, na wewe utapewa nafasi. Nataka tu ujue unachokizima."

Jioni nilimweleza mama mdogo yote, nikidhani nampelekea habari njema. Mjukuu wako Sikujua atatibiwa, labda hata nje ya nchi. Jina lako litasafishwa mbele ya kijiji. Kuhusu kula, hakuna tena hatari, tumeshawaambia watu waroweke kila muhogo bila kutazama jani. Alikuwa akichambua mchele, na mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Na maji?"

"Tutateremka bondeni kama zamani. Kwa muda."

"Tutateremka," akarudia. "Wewe na pikipiki yako."

*

Siku ya mkutano nilipita kwake asubuhi na kisu na kikapu, nilikate lile shina nikalisimamishe mbele ya watu. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya jiwe. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kibao chake cha mbuzi kando ya ndoo, na ndani ya ndoo mizizi iliyomenywa, myeupe, imezama majini. Jikoni matawi mabichi yalikuwa yanatoa moshi.

"Mama mdogo! Umefanya nini?"

"Nimeroweka. Si ndivyo ulivyotuamuru, turoweke yote?"

"Ule ulikuwa ushahidi wako! Ulikuwa wa Sikujua!"

"Usinipigie kelele, mwanangu, bado sijawa kiziwi." Akafuta kisu kwenye kanga. "Unakumbuka mama yako alikufa wapi?"

Nakumbuka nilivyosimuliwa. Ile njia ya kushuka bondeni, wakati wa mvua, udongo umekuwa mlenda. Aliteleza akiwa anapanda, maji kichwani.

"Tulimpandisha kwa machela ya kanga," alisema. "Na ndoo yake tuliipandisha. Maji yaliyobaki ndani hatukuyamwaga, Somoe. Tuliyakorogea uji wa matanga, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kwenda kuteka siku ile. Mimi ndiye niliyeukoroga. Halafu leo uniambie tutateremka kwa muda."

"Na mjukuu wako je? Atabaki hivyo hivyo, na kampuni haidaiwi hata senti?"

Alitia mkono ndani ya ndoo, akaigeuza mizizi mmoja mmoja, kama vile mtu anayeosha watoto.

"Miguu yake hairudi," alisema. "Tabibu aliniambia na mimi, hakukwambia wewe peke yako. Wangempeleka Ulaya, angerudi na gongo la Ulaya. Na wadogo zake wangekuwa wanashuka ile njia. Mimi nimeshapima. Wewe kaseme unachotaka kusema, sikuzuii. Ila mti huna."

Nilimchukia. Nilisimama pale na kisu changu nikamchukia kwa sababu hesabu yake ilikuwa inatoka, na kwa sababu yeye ndiye aliyejiweka upande wa hasara.

*

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, watu wamejaa mpaka madirishani. Wasichana waliokakamaa miguu waliwekewa mkeka mlangoni. Injinia Mbawala alikaa mbele pamoja na mwenyekiti wetu, Bwana Chilumba, na katikati yao palikuwa na jagi la maji.

Nilisema. Nilisema kwa ukamilifu. Niliwaeleza giza, rangi iliyo ndani ya jani, kipupwe kilichopotea, shina lililokuwa na majani ya aina mbili. Walinisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza taarifa ya mvua za mkoa mwingine. Nilipomaliza, mama mmoja, rafiki wa marehemu mama, alisimama.

"Bibi shamba, tumekuelewa. Sasa unataka tufanyeje? Tunywe giza?"

Darasa zima likacheka. Hata mimi nusura nicheke, maana lilikuwa swali la haki.

"Hilo shina liko wapi?" Bwana Chilumba akauliza.

Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa akitazama dirishani, kwenye bomba la shule, ambako mtoto fulani alikuwa amekinga kichwa chini ya maji na kujimwagia kwa raha zake.

"Halipo," nikasema.

"Haya. Basi tumuulize mwenye fani." Mwenyekiti akamgeukia. Alikuwa anamheshimu, mkewe na binti zake wote wamepita mikononi mwake. "Biti Nampunju, wewe ndiye kungwi wetu. Tuambie wazi, tumalize. Lile jani lilibadilika, au mama yetu hukujua kulisoma?"

Alisimama polepole. Akajifunga kanga upya kiunoni. Wanawake waliofundwa naye walikuwa wameinamisha nyuso, karibu wote, na nina hakika nusu yao walikwisha kuona kwa macho yao kwamba mashamba hayakuwa na kipupwe.

"Sikujua," alisema.

"Abee, bibi!"

Sauti ilitoka mlangoni. Aliyeitikia alikuwa amesinzia kwa joto, hakusikia swali, alisikia jina lake tu. Na unyagoni hufundishwa kwamba mkubwa akikuita huitikii umekaa. Kwa hiyo Sikujua alikuwa anasimama. Alishika fremu ya mlango, akavuta mguu mmoja, ukakataa kukunjika, akauburuta hivyo hivyo. Gongo lake la mti likateleza sakafuni, mwenzake akampa. Akainuka juu ya ncha za vidole vyake akitetemeka, akaanza kuja mbele katikati ya madawati, magoti yanagongana, na hakuna mtu katika darasa lile aliyemwambia kwamba hakuitwa. Mwenyekiti alichukua jagi akajimiminia maji, kisha hakuyanywa.

Alipofika alijaribu kupiga goti, ikashindikana, akainamisha kichwa badala yake.

"Nimekuja, bibi. Ulikuwa unaniita."

Mama mdogo alimtazama muda ambao ulitosha mtu yeyote kati yetu kusema neno. Mimi nilikuwa na mdomo, na nilikuwa na elimu. Injinia alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ndiyo, mama," akamjibu. "Nilikuwa nakuita wewe. Nishike mkono, twende nyumbani."

Walitoka pamoja, kwa mwendo wa yule mdogo. Katibu akaandika kwamba kungwi amekiri hakujua, wanakijiji wakanyoosha mikono, na jambo likafungwa.

Unyago wa mwaka uliofuata alipewa mtu mwingine. Wimbo sasa umebaki nusu, wasichana wanaimba kuroweka tu. Jani limetolewa kwa sababu halina kazi, na baada ya muda si mrefu hakutakuwa na msichana wa Nangwele anayejua kwamba liliwahi kusema kitu. Turubai ninalo bado. Ningeweza kufunika shina jingine, hainichukui zaidi ya wiki chache. Kila adhana ya magharibi inapolia nalitazama likiwa bado limekunjwa vilevile, halafu nyongeza inawaka, bomba linaanza kukohoa, na mimi nachukua ndoo yangu kama wenzangu.

Sikujua naye huja. Akitokea na magongo yake ya chuma, foleni yote inasogea kando, hata wazee, apite mbele akinge kwanza. Hawamwambii kitu. Ndiyo fidia aliyopata.